Kiti Kilichobaki

Kitu cha kwanza alichokiona Felisia ni kiti. Vingine vyote vilikuwa vifupi, vya plastiki, vya rangi ya chungwa. Kimoja tu, mstari wa mbele, kilikuwa kirefu, cha mbao, na hakuna aliyekikalia.

Akaubana mkono wa Blessing.

"Mama, unaniumiza," mtoto alinong'ona.

Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja, juu ya duka la kubadilishia fedha pale Dengfeng, mtaa wa Kichina uliojaa wafanyabiashara wa Kiafrika. Kelele za mtaani zilipanda hadi dirishani. Mwalimu Wangeci hakuuliza pasi ya mtu, wala umri, wala nyumbani kwao wanauza nini. Lakini alikuwa mkali. Aliyechelewa alikuta mlango umefungwa. Neno "siwezi" lilikuwa marufuku. Na watoto wa wapagazi na wauza simu, ambao kila shule iliwakataa, walitoka pale wakisoma kama maji.

Mwanafunzi mpya alikuwa na mtihani mmoja tu. Alisimama mbele ya wote, wanafunzi na wazazi, akataja kwa sauti jambo asilolijua na ambalo siku zote amelificha. Akinyamaza, au akidanganya, nafasi inapewa mwingine. Muhula huu ilibaki moja, na kwenye ngazi kulikuwa na watu wanaoisubiri.

Wiki nzima walikuwa wamefanya mazoezi chumbani kwao, mbele ya kioo. Kila mara maneno yaligoma kutoka. Jana yalitoka machozi.

"Usiangalie chini," Blessing alinong'ona tena, akivuta mikono ya sweta lake la shule, lililofifia viwikoni. "Mwalimu hapendi."

Nyuma yao mtu akacheka. Harun wa Mombasa, baba wa mapacha wa mstari wa pili.

"Ee, laoban wa majinzi!" alimtania, kwa jina la Kichina wanaloitana wenye maduka. "Soko zima la Liuhua lakuogopa wewe, leo wamuogopa mwalimu? Hebu acha kula kucha, zitakwisha!"

Felisia akajaribu kutabasamu. Oda zote za Harun zilipitia mikononi mwake. Je, akisikia litakalosemwa hapa leo, atamwamini tena? Na akiondoka Harun, si wateja wengine watamfuata?

Simu ikatetemeka mfukoni. Alimpa Blessing bila kuitazama.

"Ni mama Gaudence. Anauliza kama mzigo wake umefika bandari ya Huangpu."

"Mwambie kesho."

Vidole vya mtoto vikakimbia juu ya kioo cha simu.

Mwalimu Wangeci akagonga meza mara moja. Feni pekee ikawa inasikika.

"Tuna mwanafunzi mpya," alisema. "Kabla hajasimama, nataka kujua. Nani atamsikiliza akisoma nyumbani, kila jioni, bila visingizio?"

Felisia akautazama mlango. Angeweza kuinuka sasa hivi, akashuka zile ngazi na Blessing, wakapotea kwenye umati wa mtaa, na Harun asingejua lolote. Hata miguu ilikwisha kugeuka.

"Nimeuliza nani?" Mwalimu alirudia.

Blessing akauchomoa mkono wake kutoka mkononi mwa Felisia, akasimama wima.

"Mimi, Mwalimu," alisema. "Nitamsikiliza mama."

Felisia akatembea hadi kwenye kile kiti kirefu, akashika egemeo lake, akamtazama Harun usoni.

"Sijui kusoma."