Mchi wa Jikoni Kwangu

Walipiga hodi, washenzi, tena kwa heshima, nami nikawakaribisha. Sheria ya jiji ndiyo hiyo: anayevuka kiwango chake cha moshi wa vyombo anavyopanda huvunjwa mguu na majirani zake, ili apunguze safari.

Mume wangu, Mwinjaka, aliponzwa na basi. Tunakaa Chamazi, kazi yake iko Bunju, upande wa pili wa jiji, na nyumba za huko si za watu kama sisi. Ngazi za ghorofa tisa hadi kwetu alizipanda kwa miguu kila siku, asiguse lifti, maana nayo huhesabiwa moshi wake.

Wanaume walimlaza sakafuni wakamkandamiza. Mama Zaituni wa mlango wa pili akachukua mchi wangu wa kutwangia kisamvu. Pigo la kwanza halikutosha. La pili, mfupa ulilia kama kuni kavu, na damu ikarukia khanga yangu.

Jioni, Mama Zaituni huyohuyo akaniletea uji wa mgonjwa.

"Pole, shoga. Sasa kazini ataendaje, na ngazi zote hizi?"

"Akikaa ndani tutakula nini? Atashuka kwa lifti."

Akautazama mchi niliokuwa nausugua damu.

"Basi usihangaike kuuosha."