Kipande cha Mwisho cha Mti wa Mama

Kilikuwa kimebaki kipande kimoja tu cha mti wa kahawa alioupanda mama yangu, na tayari nilikuwa nimekichonga kuwa kalamu. Ilibaki kushindilia ncha ya shaba. Ikiingia upande, mti unapasuka.

Nilivuta mashine ya wenzo niliyoiagiza San José. Egidio, mume wangu, aliweka mkono juu ya jiliwa lake kuukuu la kubania vitu, ambalo meno yake ameyavisha ngozi ya kiatu.

“Hiyo yako inabana kama mama mkwe,” alisema. “Haiusikilizi mti.”

“Na wewe mkono unatetemeka, mzee wangu. Asubuhi umemwaga nusu kikombe.”

“Ile ilikuwa kahawa ya dukani. Huu ni mti wa mama yako.”

Mama hakuwahi kumpenda. Kwa miaka thelathini alimwita “yule wa Alajuela”, mji alikotoka, hata akiwa amekaa mbele yake.

Nilisogeza mashine pembeni, nikaiweka kalamu kwenye jiliwa. Egidio alishika mpini, nao ukaanza kugongagonga chuma. Nikaweka mkono wangu juu ya wake.

“Usisukume,” alisema.

“Sisukumi.”

Mpini ulinyamaza, tukaanza kuuzungusha.