Jamu ya Mama Mkwe

Jamu ilikataa kutoka kwenye sufuria. Bi Harusi aliivuta kwa mwiko, mwiko ukabaki humo humo, umesimama wima. Akaipindua sufuria juu chini. Hakikudondoka kitu.

Jirani yao, fundi viatu, alikuwa amekuja kuazima jembe. Alichungulia, akakwangua kidogo kwa kisu, akaenda nayo. Kesho yake alirudi na kiatu mkononi, uso umejaa furaha.

"Shemeji, soli imeshika hii! Haing'oki mpaka siku ya kiama. Ile gundi yako umebakiza?"

Bi Harusi akaangua kilio.

Alikuwa ameolewa miaka mitatu, lakini jina la Bi Harusi lilikuwa bado limemganda, na yeye aliamini ni kwa sababu ya jamu. Kila msimu wa mapera Mama Mkwe alijifungia jikoni asubuhi, akatoka jioni na chupa zinazong'aa, kila moja imevikwa kofia ya kitambaa cha kufuma kwa mkono. Jamu ile haikuuzwa. Ilikuwa shukrani ya nyumba: chupa ya mkunga, chupa ya daktari wa mifugo aliyemwokoa ndama, chupa ya jirani aliyewapa maji pampu ilipoharibika. Watu waliipokea kwa mikono miwili, wengine wakainusa hapo hapo mlangoni.

Sasa msimu huu Mama Mkwe alianguka kwenye ngazi akichuma mapera, mkono wake wa kulia ukafungwa plasta. Ndipo Bi Harusi akajitosa. Sufuria ya kwanza iliungua mpaka paka akahama. Ya pili ndiyo hiyo ya soli.

"Mama, ndimu huwa unatia kiasi gani?" aliuliza, akifuta machozi kwa kanga.

Mama Mkwe alitazama dari. "Ndimu? Ya kutosha."

"Na sukari?"

"Sukari ni macho yako tu, mwanangu."

"Na moto je?"

"Moto uwepo."

Mume wa Bi Harusi, dereva wa trekta, mtu ambaye tangu harusi hakuwahi kujua hata chumvi inakaa wapi, alionja ncha ya mwiko. Alitafuna kwa muda mrefu.

"Si mbaya," alisema meno yalipoachana. "Ila mbegu ungezichuja kabla hujatia su..." Akakatiza, akakohoa. "Nasikia watu wanasema hivyo."

Baba Mkwe alikuwa mwenye bucha, pande la mtu, mwenye sauti ya kufukuza mbwa mtaa mzima. Aliitazama ile sufuria kama mtu aliyefika msibani, akatoka nje taratibu.

"Mapera yaliyobaki yaleteni jikoni," Mama Mkwe akaamua. "Kesho napika mwenyewe."

"Kwa mkono mmoja, Mama?"

"Huo mmoja unatosha na kubaki."

Asubuhi alianza kama alivyoanza kila msimu, kwa kelele zilizowafikia majirani wote. "Wanaume, tokeni! Leo sitaki kuona suruali jikoni kwangu!" Baba Mkwe akavaa kofia, akasema anakwenda kuangalia ng'ombe. Dereva akasema ana kazi gereji. Bi Harusi akapewa uzi na sindano, akaambiwa akae barazani amalizie kofia za chupa. Nyuma yake akasikia komeo la mlango likiingia mahali pake.

Akafuma. Baada ya muda harufu ikaanza kutoka, tamu, nzito, ile ile ya miaka yote. Mwanamke wa watu, mkono uko kwenye plasta, anamenya, anachuja, anakoroga sufuria inayotoa mvuke, anakaza vifuniko. Na yeye, mzima wa afya, amekaa anafumia chupa kofia! Aliona aibu mpaka akakosea mishono, akafumua, akaanza upya.

Ndipo mle ndani kitu kikaanguka kwa kishindo. Bati likalia.

"Mama!"

Hakuna jibu.

Bi Harusi alitupa uzi, akanyakua ndoo ya maji iliyokuwa chini ya bomba, akazunguka nyuma ya nyumba mbio, kandambili moja akaiacha njiani. Mlango wa nyuma ulikuwa umeegemezwa gunia la mkaa tu. Akausukuma kwa bega, akaingia kwenye wingu la mvuke alilodhani ni moshi, akaona kivuli kimeinama karibu na moto, naye hakungoja kuuliza. Akakimwagia ndoo nzima.

Mvuke ukatulia. Maji yalikuwa yakimchuruzika Baba Mkwe, kuanzia kwenye upara mpaka kwenye aproni ya maua iliyombana tumbo, na mwiko bado ameushika. Sakafuni, dereva wa trekta alikuwa amepiga magoti akiokota vifuniko, kisu mkononi, na pera lililomenywa ganda zima bila kukatika.

Pembeni kabisa, kwenye kiti cha uvivu, Mama Mkwe alikuwa ameegemea mto, miguu yake imo kwenye beseni la maji ya uvuguvugu.

"Rudishia mlango, mwanangu, majirani wasione," alisema, akisogeza beseni kidogo ili waenee wawili. "Ila umechelewa sana kuchungulia. Mimi kwa mama mkwe wangu nilichungulia msimu wa kwanza tu."