Tarehe Isiyoandikwa

"Yaani siku moja hii hii, jamani! Treni ya kwanza ilifika hapa, mnara wa saa ukazinduliwa, na simu ya kwanza ikalia posta! Miaka tofauti, tarehe moja! Mtoto wa mji huu lazima ayajue haya!"

Mwalimu Tunu, mgeni mjini aliye katika mwezi wake wa kwanza kazini, alikuwa ameyaandika yote ubaoni kwa chaki za rangi, tarehe juu kabisa. Darasa la nne likanakili kimya. Akapita kati ya madawati kuangalia kazi. Daftari la kwanza halikuwa na tarehe. La pili pia. Akafika dirishani bila kuiona hata moja.

"Nyie, tarehe mmemwachia nani aandike?" akacheka.

Hakuna aliyecheka. Msichana wa mbele, Zaituni, akasimama.

"Mwalimu, hii huwa hatuiandiki. Ndiyo siku kivuko cha shule kilizama. Mwaka juzi."

Tunu akashika dasta afute kila kitu.

"Usifute, mwalimu! Treni iache. Muongeze tu kaka yangu, Shomari. Nyumbani mama hataki tumtaje, lakini si umesema lazima tuyajue?"

Chaki ikakatika mara mbili kabla jina halijakaa chini ya treni.

"Walikuwa wangapi?" Tunu aliuliza, bila kugeuka.

"Wengi," alisema Zaituni. "Leo muweke yeye. Wengine tutakutajia kesho."