Baiskeli ya Jumapili na Jumatatu

Odiel alitoa mfukoni kamba yenye mafundo mawili, akainyoosha juu ya meza ya duka.

"Kutoka nyonga mpaka kisigino," alisema. "Nataka baiskeli ya urefu huo. Moja tu. Jumapili iingie mashindanoni, Jumatatu ifungwe mizigo, safari ianze."

Wannes, mwenye duka, aliitazama kamba, kisha akamtazama mzee mwenyewe, ambaye kichwa chake kilikaribia kugusa taa ya dari.

"Mzee Odiel, miguu yako imepungua lini?"

"Uzee unapunguza mengi. Pima."

Wannes hakucheka. Kijiji kizima cha Zandekerke kilijua jinsi moyo ulivyomlaza Odiel hospitali kiangazi kilichopita, na jinsi daktari alivyompiga marufuku kupanda baiskeli hata ya kwendea kununua mkate. Na mbio za matopeni si mchezo, hata hizo za waliovuka miaka sitini. Kuna tope la kumeza gurudumu, kuna mbao za kuruka, kuna vilima vya kupanda kwa miguu na baiskeli begani. Wannes alimpenda mzee huyu tangu utotoni. Kumuuzia baiskeli aliona ni kumchimbia kaburi, na yeye hakutaka kuwa mchimbaji.

Akajaribu kumkatisha tamaa kwa ufundi.

"Baiskeli ya kazi mbili haipo, mzee wangu. Ya mbio ni nyepesi, haina hata pa kufungia keria. Ya safari ina kila kitu, lakini uibebe begani kupanda kilima, utamwita marehemu mama yako."

"Ipo. Si ile pale?"

Odiel alikuwa ameshaiona: fremu ndogo ya chuma, rangi ya kijani, imetundikwa ukutani. Aliizunguka akiipapasa kama anayenunua farasi.

"Matundu ya keria haya hapa. Nafasi ya madigadi hii hapa. Nyaya zimepita juu, bega halitaumia. Gia ya chini inapanda mlima na mizigo yake. Matairi membamba Jumapili, manene Jumatatu. Nani kakudanganya kwamba haipo?"

"Lakini ni ndogo! Magoti yatakupiga kidevuni. Haya, panda basi nikupime."

"Sipandi. Pima kwa kamba."

Ukaidi gani huu! Wannes alijua kwamba wakimbiaji wa zamani walipenda fremu ndogo, rahisi kubeba begani. Akaona basi, mzee ameamua kufa kwa mtindo wa ujana wake.

"Watu watakucheka, mzee."

"Wacheke. Hawahawa walisema sitaiona Krismasi, na bado nakunywa bia yangu. Na daktari naye akitaka kusema, aje aseme pale kwenye tope."

Odiel aligeukia picha kubwa iliyokuwa juu ya rafu ya matairi. Ilikuwa yake mwenyewe, miaka arobaini iliyopita, uso umejaa tope, shada la maua shingoni. Pembeni palionekana nusu ya mwanamke: mkono mmoja mwekundu kwa baridi, umeshika ndoo. Huyo alikuwa Lutgart, mkewe. Kila Jumapili ya majira ya baridi, mwaka hadi mwaka, alisimama kwenye kituo cha kubadilishia baiskeli. Odiel alimtupia ile chafu, akampokonya safi, akaondoka bila hata kumtazama.

"Umemkata," alisema Odiel.

"Fremu ya picha haikumtosha, mzee. Nafasi ilikuwa ndogo."

"Ndivyo waandaaji wa mbio walivyosema hata wakati ule."

Wannes akajisingizia kutafuta spana, akaingia chumba cha nyuma na kumpigia simu Lutgart. Aliona ni heri aitwe mmbeya kuliko muuaji.

"Mama, mzee wako yuko hapa dukani. Anataka baiskeli ya mbio. Mbio za Jumapili hii, mama!"

Akangoja kelele. Alichosikia ni kicheko.

"Muuzie, Wannes. Ila breki ziwe zile za diski. Vidole vikishaganda, zile za zamani hazikamatiki."

"Na moyo wake je?"

"Moyo wake niachie mimi. Na usisahau keria!"

Wannes alikata simu akiwa ameduwaa. Wamechanganyikiwa wote wawili! Akaiuza ile baiskeli kwa uchungu, na kwa siku tatu chakula hakikumpanda.

Jumapili mvua ilinyesha tangu alfajiri. Wannes alifika amechelewa, akapita mbio mbele ya gari la chipsi na hema la bia, akijiapiza kwamba ataushika ule usukani mbele ya kijiji kizima na hatauachia, hata akitukanwa. Washindani walikuwa wameshajipanga. Aliutazama mstari kutoka mwanzo hadi mwisho, akitafuta kichwa kirefu kuliko vyote. Hakikuwepo.

"Unatafuta nini, Wannes? Unanizibia!"

Sauti ilitoka nyuma yake, kwenye kituo cha kubadilishia baiskeli. Odiel alisimama pale na mabuti ya mpira mpaka magotini, brashi mkono mmoja, ndoo ya maji mkono wa pili, vidole vimeshaanza kuwa vyekundu.

"Mzee! Mungu ashukuriwe! Umebadili nia?"

"Nia ipi?" alisema Odiel, macho yake yakiwa kwenye mstari.

Filimbi ikalia. Katikati ya wale wanaume thelathini ikachomoka baiskeli ndogo ya kijani, na juu yake Lutgart, mvi zikimtoka chini ya kofia, akimpiga kikumbo jirani yake wa kushoto.

"Pisha, babu!"