Chini ya Tisini

Kisemei alivua viatu, akavua mkanda, akavua saa, kisha akasimama kando ya mzani akiwaza kama avue na soksi.

"Toa na meno, mzee," Wainaina alisema kutoka benchi ya nyuma. "Hata hayo yako na uzito."

Darasa zima likacheka. Kisemei naye akacheka, akavua soksi, akapanda. Kilo mia moja na kumi na mbili. Hiyo ilikuwa Alhamisi yake ya kwanza, mwezi wa saba.

Mwalimu, Celine, alikuwa na miaka ishirini na minne na shahada ya lishe ambayo bado haijampa kazi. Badala ya kukaa nyumbani akiingoja, aliomba chumba nyuma ya kanisa moja la Kitengela, akaazima mzani, akaanza kufundisha watu kula. Bure, kila Alhamisi mchana. Aliamini kwamba mtu anayekula kupita kiasi si mlafi. Kuna kitu anakifunika.

"Unataka kufika ngapi, mzee?"

"Chini ya tisini. Kabla ya mwezi wa nne."

"Mbona haraka hivyo?"

"Ni mambo ya Lorna, msichana wangu. Ametimiza ishirini. Sitangazi mpaka yaive."

Celine akatabasamu. Msichana wa miaka ishirini, baba anayetaka kupungua, tarehe ambayo tayari imepangwa: hilo halikuhitaji kutangazwa. "Basi suti itakukaa," alisema, "mpaka bibi harusi akuonee wivu."

Kisemei aliinama, akaanza kuvaa soksi.

Alikuwa dalali wa ng'ombe, na boma lake liko Ilbisil. Kila Alhamisi alimleta Lorna Kitengela, akawa na masaa manne ya kungoja kabla ya kumrudisha nyumbani. Zamani masaa hayo aliyamalizia kwenye nyama choma, na kilo mbili za mbavu mbele yake.

"Kwetu mwanaume hafundishwi kula peke yake," aliwaambia. "Lakini nikiwa na hofu nakula peke yangu. Sijui kuogopa tumbo likiwa tupu."

Celine aliona hayo ni maneno mazito, akayaandika. Hakuuliza ni hofu gani.

Alimfundisha kujiuliza kabla ya tonge la kwanza: ni tumbo lina njaa, au ni moyo? Alimfundisha kutumia sahani ndogo na kupumzika kati ya tonge na tonge. Alimwambia aache soda, anywe maji kwa wingi.

"Hiyo ya maji ndiyo inanishinda," Kisemei alisema. "Nikinywa mbele ya Lorna naona haya. Yeye hata maji anapima."

"Ni gauni hilo," alisema Phylis, mama muuza mboga aliyekaa karibu na dirisha. "Wasichana wa siku hizi wataingia kwenye gauni ama wafe."

Hata hivyo alishuka. Mia moja na nane. Mia moja na tatu. Krismasi nyumbani kwake walichinja mbuzi watatu. Alikula vipande vinne, akampigia Celine simu kumwambia ni vinne.

Mwisho wa mwezi wa kwanza alikuwa na tisini na saba. Mwezi wa pili hakuonekana Alhamisi mbili. Ya tatu alikuja amenyoa kichwa chote, shati likimpwaya mabegani. Wainaina akampigia saluti.

"Mzee, hata nywele umeona ni kilo?"

Mzani ulisema tisini na mbili. Kilo tano kwa wiki tatu. Watu wakapiga makofi mpaka mlinzi wa kanisa akachungulia.

"Waambie umefanyaje," Celine alimwomba.

"Sijafanya kitu. Chakula kimenikataa tu."

"Mnasikia?" Celine aligeukia darasa, macho yaking'aa. "Tabia nzuri ikikomaa hufika hapo. Hupigani na sahani tena."

Kisemei alipitisha mkono kichwani, polepole, akarudi kuketi.

Tangu siku hiyo hakulitaja tena jina la Lorna. Phylis alipomuuliza maandalizi yamefika wapi, alisema, "Tuendelee na somo, mama." Lakini alikuja kila Alhamisi, kabla mlango haujafunguliwa. Darasa lilipokwisha, alibaki kwenye benchi mpaka masaa yake manne yaishe, ndipo akaondoka.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa tatu alipanda mzani, na hakuna aliyemtania. Sindano ilitikisika, ikatulia.

"Themanini na tisa na nusu," Celine alisema.

Phylis alipiga vigelegele. Wainaina alisimama juu ya benchi. Celine akatoa kwenye mkoba tai ya buluu, iliyokunjwa vizuri ndani ya karatasi, akampa.

"Ya harusi ya Lorna," alisema.

Kisemei aliipokea kwa mikono miwili. Alikuwa bado juu ya mzani.

"Hakukuwa na harusi, mwalimu. Daktari alisema nikishuka chini ya tisini, atakubali nimpe yule mtoto figo yangu moja. Tulimzika mwezi wa pili." Aliinama, akaitazama tena ile sindano. "Nilitaka tu kuona kama ningefika."