Mvi za Mzee Kambare

Hivi wewe, ukiota ukungu mgongoni, utauita mvi?

Kambare aliuita hivyo. Alikuwa mkubwa wa bwawa, na pamba nyeupe ilipomchipukia mgongoni alitangaza kwamba hizo ni mvi za hekima, na kila mama azibusu apate baraka. Perege alizibusu. Alikuwa amebeba mayai kinywani, kama kina mama wote wa ukoo wake, kwa hiyo hata alipotaka kuuliza swali hakuweza.

Siku ya nne mayai yakaota pamba ileile. Akayatema yote, yamekufa. Sasa kinywa kilikuwa na nafasi ya maneno.

“Mzee, mvi zako zimeniulia watoto.”

“Chunga mdomo, binti. Hukubusu kwa imani.”

 Perege aliogelea moja kwa moja hadi kwenye kiota cha Kambare, ambako mayai ya mzee yalikuwa yakimeremeta, mazima kabisa.

“Mbona hawa wako hujawabariki? Midomo yangu bado ina mvi zako. Ngoja niwabusu mmoja mmoja, kwa imani.”

“Usiwaguse!” Kambare alijitupa mbele ya kiota.

“Kwani baraka inaua?”

Bwawa zima lilikuwa limekusanyika, likisikiliza. Kambare alitazama mayai yake, akatazama ile midomo.

“Ni ukungu,” alisema. “Nilijua tangu mwanzo. Kaa alinichana kwa gando lake nilipokuwa nikimwibia mayai, kidonda kikaoza, nami nikaona aibu kusema.”